Mia Mbili za Shetani

Risasi zilimwishia mpelelezi Marjanna Zerafa mlangoni pa banda la boti, katika bandari ya Kalkara.

Alikuwa amemkatia gaidi Lassner njia ya uchochoroni, akamtangulia. Lakini Lassner alikuwa anakuja. Kifuani alijifunga mfuko usioingia maji, na ndani yake kilengeo, kifaa cha kuelekezea kombora. Kesho kombora hilo lingeangusha ndege ya abiria iendayo Catania.

Rubani wa ndege hiyo ni Ritianne, binti yake Marjanna.

Thubutu!

Bandani palikuwa na mtungi mmoja wa kuzamia, aliouweka Lassner wa kutorokea. Kipimo chake cha kidijitali kilionyesha 200. Bar mia mbili za shinikizo la hewa. Umejaa pomoni.

Marjanna akabonyeza kitufe, kipimo kikahamia kwenye paundi, hesabu ambayo Waingereza waliiacha bandarini pale walipofungasha virago.

2900.

Bar moja, paundi kumi na nne na nusu. Akafungua valvu, hewa ikafoka. Nje fataki za sikukuu ya mtakatifu zilinguruma, zikaumeza mlio wake. 2000. 900.

200.

Akafunga. Herufi ndogo za paundi akazifuta kwa rangi nyeusi ya kucha.

Redio ikakoroma sikioni. Wistin, mwenzake wa kwenye boti.

"Dada, toka humo!"

"Sitoki ng'o. Lete boti katikati ya ghuba, uzime injini."

Fataki zikanyamaza. Lassner akaingia, bastola ya Beretta mkononi.

"Mama, bado unanifuata tu?"

"Mpaka kaburini, baba."

"Nikumalize?"

"Piga! Askari wanapekua mabanda. Wakisikia mlio watajua uko lipi."

Lassner akasonya. Akajifunga mtungi mgongoni, akatupia jicho kipimo.

"Hewa tele. Msalimie rubani wako."

Chubwi!

Marjanna aliketi juu ya kreti. Paundi mia mbili hazifiki hata bar kumi na nne. Ni pumzi ya dakika chache, tena kwa mtu anayeogelea kwa pupa.

"Dada, sioni kitu."

"Tulia."

"Maji matupu, nakwambia! Ngoja... Lo! Huyo hapo! Anatweta huyo, macho yamemtoka!"

Wistin na askari walimleta Lassner gatini akiwa na pingu. Wistin aliuinua mfuko juu, mzima.

"Nilisoma mia mbili!" Lassner alifoka. "Kwa macho yangu!"

"Kanisa la kwetu lina saa mbili," Marjanna akamwambia. "Moja ya waumini. Ya pili inasema uongo, Shetani asijue wakati wa misa. Wewe umesoma ya kwako."

Kisha akampigia simu Ritianne.

"Mama, nina haraka. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Kesho ruka, mwanangu."

Akakata, akaenda zake kutafuta pastizzi za moto, zile sambusa za jibini.