Mgeni Aliyekuja na Deki

Kati ya deki tatu alizoshushiwa kutoka rafuni, moja ilikuwa na joto. Jovita aliigusa mgongoni kama anavyogusa paji la mtoto mwenye homa, akaondoa mkono, akaigusa tena. Haikuwa imechomekwa popote. Waya wake ulikuwa bado umefungwa kwa mpira.

"Hii mbona ya moto?"

Hamidou, mwenye duka, hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Jua, mama."

Duka lilikuwa ndani kabisa ya soko la Rumonge, nyuma ya wauza vitenge, na jua halikuwahi kufika huko tangu mabati yapigiliwe. Lakini Jovita alikuwa ameacha mawese yake mezani chini ya uangalizi wa jirani, na hakuwa na muda wa kubishana juu ya jua.

Deki ya kwanza ilikuwa mpya, ndani ya boksi lake, na bei yake ilikuwa ya watu wa Bujumbura. Ya pili ilikuwa nyepesi mno. Alipoitikisa, kitu kililia ndani kama punje ya mahindi kwenye kopo. Hii ya tatu ilikuwa nzito, imetumika, haina telekomande, lakini nyuma ilikuwa na matundu matatu, jekundu, jeupe na la njano, sawasawa na yale ya televisheni yake ya kisogo kikubwa.

"Ilikuwa ya nani?"

"Watu wa mutaa wa chini. Ziwa lilipopanda wakauza vyote. Iko nzuri, mama, inakula CD zote, hata zenye mikwaruzo. Haichagui kama wanaume."

"Wangu alichagua Fizi," alisema Jovita. "Ijaribu."

Hamidou akaichomeka na kutia CD ya mchezo wa kuigiza. Kwenye kioo akatokea mzee wa koti refu, amesimama mbele ya mlango wa bati.

"Hodi wenyeji," alisema mzee.

"Karibu," akaitika Jovita.

Wanaume wawili waliokuwa wakinunua betri walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. "Mupe na kiti basi, mama, mutu amechoka!" Jovita naye akacheka kidogo. Hamidou akamfungia deki kwenye mfuko na ile CD akamwongezea bure.

Haikuwa anasa. Binti yake, Tina, wa miaka minane, alikuwa kijijini Kabonga kwa bibi yake tangu Jovita alipolazwa na malaria. Jovita alikuwa amekwisha kupona, lakini mtoto hakutaka kurudi. "Kwa bibi iko watu," alisema kwenye simu. "Kwetu iko nini? Hata televisheni ni chenga tu." Na bibi, mama mkwe wa Jovita, akaongeza lake bila kuficha: shule zikifunguliwa mtoto akiwa bado Kabonga, atamwandikisha hukohuko, na mambo yataishia hapo.

Mtoto alisema kweli. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho yenye mtu katika mstari wake. Ziwa lilikuwa limepanda likaingia majikoni, likarudi nyuma, na majirani wakang'oa milango na mabati wakaenda kujenga juu, upande wa barabara. Yeye hakuwa na wa kumng'olea. Mumewe, Melkiades, alivuka ziwa kwenda machimbo ya Fizi, upande wa Kongo, na simu zake zikaisha kidogo kidogo kama sabuni. Kuna siku Jovita alirudi kutoka sokoni, akapika, akala, akaosha sahani moja na kulala, na sauti yake haikuwa imetumika tangu alipofunika mawese.

"Nimenunua deki," alimwambia Tina jioni ile.

"Ya kweli?"

"Ya kweli. Ina picha."

"Basi Jumamosi ijayo nitakuja."

Jioni hiyo aliweka ile CD ili asikie watu huku akichagua samaki wadogo wa ndagala. Mzee wa koti akapiga hodi. Jovita akasema karibu. Mdomo ulisema wenyewe. Ndivyo alivyolelewa, hata katika kambi ya wakimbizi kule Kigoma walikoishi ndani ya hema: nani anaiacha hodi ya mtu ianguke chini? Jioni ya pili aliingojea hiyo hodi. Miezi mingi ilikuwa imepita bila mtu kusimama mlangoni kwake, hata wa kuomba chumvi.

Jioni iliyofuata alikuwa na mikono ya unga, mawazo yake yako kwenye ugali, hakuitika.

Mzee hakuingia.

Jovita alidhani CD imekwama. Lakini CD ikikwama, picha hugawanyika vipande, na hii haikugawanyika. Kuku walipita nyuma ya mzee. Upepo uligusa koti lake. Alibadilisha mguu wa kusimamia, kama mtu aliyetembea mbali, akatazama mlango, kisha polepole akatazama upande huu.

"Hodi," akasema tena, kwa upole. Katika mchezo hakuwahi kuisema mara mbili.

"Karibu," alisema Jovita, na mzee akaingia.

Mikwaruzo, alijiambia. Akamaliza ugali wake.

Kesho yake umeme ulikatika kabla ya jua kuzama. Jovita alikuwa amepiga magoti mbele ya mkaa, anapuliza, moshi machoni, akiwaza kama mafuta ya kupikia yatafika Jumamosi, na sauti ilipotoka sebuleni ikasema hodi wenyeji, aliitika karibu bila kugeuka, kama anavyoitika siku zote, na pumzi mbili zilipita kabla hajakumbuka kwamba hakuna umeme, kwamba deki ile haina betri, na kwamba kile kiti cha Melkiades, kiti cha mbao chenye mguu mmoja mfupi ambacho hulia mtu anapokikalia na hakilii kwa sababu nyingine yoyote, kilikuwa kimelia.

Aliingia na taa. Kiti kilikuwa kitupu. Sebule ilinuka majani ya ziwa yaliyooza na nguo iliyokaukia ndani. Aliweka kiganja kwenye kiti. Kilikuwa na joto.

Hakupiga kelele. Angemwita nani? Alirudi jikoni, akapakua, na baada ya kusimama kidogo akala hukohuko, amekaa juu ya ndoo, akisikiliza mtu anayekohoa taratibu sebuleni, kikohozi cha mtu asiyetaka kusumbua.

Jambo la kutisha si kwamba aliogopa. Aliogopa usiku mmoja tu. Jioni iliyofuata alirudi amechoka, mguu umevimba, akatupa kitambaa chake mezani na kusema kwa hasira, bila kumwambia mtu, "Leo soko lilikuwa baya." Na kutoka kwenye kiti ikaja "mm", fupi, ya chini, ya mtu anayekusikiliza.

Jovita akakaa. Akaeleza habari ya mawese kutoka Kizuka yaliyofika mengi mno na kushusha bei. Akaeleza habari ya Melkiades. Akaeleza habari ya Tina, jinsi alivyozaliwa mdogo mpaka wakamwita Kadege, jina ambalo halitumiki nje ya nyumba ile. Kila alipotua, kiti kilisema mm. Alilala usingizi mzito kuliko siku nyingi.

Alhamisi Tina alipiga simu kwa simu ya bibi yake, na kwa furaha alikuwa anakimbiza maneno.

"Mama, nani anacheka hapo?"

"Ni deki."

Deki ilikuwa mbele yake. Haikuchomekwa.

"Ananiita," alisema mtoto. Sauti yake ilishuka ikawa ya kunong'ona. "Anasema Kadege njoo, Kadege njoo nyumbani. Mama, baba amerudi?"

Jovita alikata simu. Alisimama katikati ya sebule, mgongo kwa kiti, na kwa mara ya kwanza nywele za shingoni zikamsimama, kwa maana yeye hakuwa amesikia kitu chochote, si kicheko, si jina, na alielewa kwamba kilicho nyuma yake kilikuwa kimekwisha kumaliza kuzungumza naye na sasa kilikuwa kinazungumza na Kabonga.

Asubuhi alimweleza Fatuma, muuza ndagala wa meza ya pili. Fatuma aliziba mdomo kwa mtandio. Alifunika samaki wake akamvuta mkono mpaka kwa Maalim Ayubu, mwalimu wa chuo cha Kurani, waliyemkuta anakula wali.

"Karibuni chakula."

"Maalim, hatukuja kula," alinong'ona Fatuma. "Mwenzangu ana mtu kwenye nyumba."

Maalim alisikiliza yote bila kuacha kutafuna. Alikuwa na mafua na alionekana kutaka waondoke. "Wewe ni Mkristo?"

"Mkatoliki."

"Mimi hainisumbui. Na huyo aliye nyumbani kwako haimsumbui."

"Nikiuza ile deki?"

"Utakuwa umeuza chombo. Yeye yuko kwenye kiti." Alinawa mikono. "Sikiliza, mama. Jini aliyevunja mlango, mimi ninamsomea, anatoka. Huyu hakuvunja. Alibisha hodi, ukamkaribisha. Mara ngapi?"

Jovita alitazama miguu yake. "Kila jioni."

"Basi ni mgeni wako, na mgeni haagwi na mtu baki. Leo jua likizama, mwambie safari imefika. Msindikize mpaka ufukweni, yeye nyuma, wewe mbele. Usigeuke. Mtakie safari njema. Usimwambie karibu tena."

"Yallah, hilo litamtoka!" Fatuma alicheka kwa woga. "Huyu hata mukusanya kodi ya soko anamwambia karibu tena."

"Likimtoka," alisema Maalim, "mtoto asije kesho. Wala kesho kutwa."

"Murakoze, Maalim," alishukuru Jovita.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Kongo Jovita alipofungua mlango wake wazi kabisa. Alikuwa ameng'ata ncha ya kitenge, kuuweka mdomo kazini. Akaitoa.

"Mgeni wangu, safari imefika. Nikusindikize."

Kiti kililia. Harufu ya majani yaliyooza ikampita, ikasimama mgongoni pake.

Akatoka. Njia ya kwenda ziwani ilipita kati ya nyumba za majirani, kuta zenye mstari wa tope zilipofikiwa na maji, milango iliyong'olewa ikaacha matundu ya giza, na hatua zilimfuata zikiwa na maji ndani yake, kama za mtu aliyevaa viatu vilivyoloa, hazikumkaribia wala kuachwa, na alipopunguza mwendo zilipunguza, na alipoongeza ziliongeza, na ndani ya kila nyumba tupu waliyoipita alihisi kwamba aliye nyuma yake anatoa salamu ya chini, mlango huu na mlango ule, kama mwenyeji wa mtaa anayewaaga watu wake, na kwamba huko ndani kuna wanaoitika.

Ufukwe ulikuwa mtupu. Maji yaligusa vidole vyake.

"Nenda salama," alisema.

Ikafuata nafasi ile, nafasi ndogo ambayo tangu utoto wake ilijazwa kwa maneno mawili tu. Ulimi ukanyanyuka. Jovita akashindilia kitenge mdomoni kwa ngumi na kukiuma mpaka machozi yakamtoka. Akahesabu mawimbi, akapoteza hesabu. Harufu ilikwisha.

Amefaulu. Kesho mtoto anakuja.

Alirudi kwa haraka, akiwaza maharage ya kuloweka, kwamba Tina hapendi yenye ngozi ngumu, kwamba ile CD ataivunja na kuazima nyingine kwa Fatuma. Chini ya mawazo hayo kulikuwa na kimya, kimya kilekile cha zamani, kinamngojea nyumbani kwenye kiti kilichopoa. Alipofika kwenye nyumba ya kwanza tupu, akasikia viatu vilivyoloa. Havikuwa nyuma. Vilikuwa ubavuni.

"Giza limeingia, mama," ilisema sauti ya mzee, kwa upole uleule. "Mwenyeji harudi peke yake. Nami nikusindikize kidogo."

Maalim hakuwa amesema lolote juu ya hilo. Na nani angekumbuka kulisema? Kila mtu anajua: unamsindikiza mgeni, mgeni naye anakurudisha, mnacheka njiani, unamsindikiza tena.

Jovita aliongeza mwendo.

"Kesho Kadege anakuja," iliendelea sauti. "Jumatatu shule zinafunguliwa, wewe utakuwa sokoni mpaka jioni, na wao wanaachiwa adhuhuri. Nani atamfungulia?"

Alifungua mdomo aseme ondoka. Tangu Melkiades avuke maji, hakuna aliyemuuliza swali hilo. Si mama mkwe, si padri, si Fatuma. Kila usiku alijiuliza mwenyewe, na kila usiku alilala kabla ya jibu.

Mbele yao njia ilibana, maji upande mmoja, ukuta wa nyumba tupu upande mwingine, na haikutosha watu wawili. Jovita alipunguza mwendo. Kisha akajibana ukutani, bega likikwaruza tope kavu, akaacha nafasi ya mtu mmoja ubavuni pake.