Salamu Zilizokatwa Mkia

"Mlango wako ndio unaotazamana na wa Bibi Njiku, Mama Digha! Si wangu mimi, wala si wa mbuzi wangu!"

"Na mimi nimeshakwambia mara ngapi, Mzee Kijanga? Nilimsalimu! Jumatatu nilimsalimu, Jumanne nilimsalimu, Jumatano asubuhi nilimsalimu, na kila siku alinijibu salama!"

"Ulimsalimu wewe, au lilimsalimu hilo dude lako?"

Wanaomjua Mama Digha watakwambia kwamba tangu aolewe hapo Ighomba, miaka ishirini na saba iliyopita, hajawahi kukosa la kujibu, hata mbele ya mama mkwe. Siku hiyo alikosa. Kilichojibu ni Kisalimu chake, chombo kilichotundikwa kwenye mwimo wa mlango nyuma yake. Kilisikia neno "salimu" likirudiwa rudiwa, kikadhani kinaamkiwa, kikasema kwa sauti ile ile ya Mama Digha, tena changamfu kuliko yake mwenyewe kwa saa ile: "Salama kabisa, nashukuru! Alizeti leo imepanda, na mvua tuitazamie Alhamisi."

Mtu mmoja akacheka. Akapigwa kiwiko, akaacha.

Leokadia Ntandu alikuwa amesimama nyuma ya umati, nywele zimejaa vumbi la kipanga, kile chombo cha kuruka cha abiria mmoja kilichomshusha punde kutoka Dodoma. Hakuna aliyemkaribisha. Kila mtu pale alimjua, maana ni mtoto wa kijiji hicho hicho, na ndiye injinia aliyekibuni Kisalimu.

Kwa kukitazama, Kisalimu hakikuwa kitu cha kutisha. Kilikuwa na umbo la kata ya kuchotea maji, kimefunikwa ngozi nyembamba inayokula jua, na ndani yake akili unde iliyojifunza sauti ya mwenye nyumba. Kabla yake, walanguzi walikuwa wakija Ighomba na bei zao mfukoni, na mkulima anauza alizeti kama anayeomba radhi. Kisalimu kilipofika, bei ya soko ilijulikana mlangoni kabla chai haijachemka. Ng'ombe akikohoa, kilikisikiliza kikohozi na kumwita daktari wa mifugo. Mjamzito akishikwa na uchungu, kiliita gari lijiendeshalo hata kabla mume hajapata viatu vyake. Watu walikipenda, na walikuwa na haki ya kukipenda.

Halafu kilikuwa kikisalimu. Kila alfajiri Kisalimu cha nyumba hii kiliamkia cha nyumba ile, kwa sauti za wenyewe, kijiji kizima kikaamkiana kwa muda wa kupuliza moto. Zamani kazi hiyo ilikuwa ikimaliza asubuhi nzima, maana Mnyaturu hasalimiwi mara moja akaachwa. Ataulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, za shamba, na zote atajibu.

Sasa Bibi Njiku, mjane wa miaka sabini na tisa, alikuwa ameteleza jikoni kwake Jumapili jioni, akavunjika nyonga. Alilala sakafuni hadi Jumatano mchana, sauti ya kuita imemkauka, na majirani wasingemkuta hata siku hiyo kama kuku wa Mama Digha asingeingia mle ndani na mwenyewe kumfuata. Siku zote hizo, mlangoni pake, Kisalimu chake kilikuwa kikimjibu kila aliyemwamkia: salama, nashukuru.

Hospitali ilimuunga mfupa na kumrudisha nyumbani, lakini daktari alisema hatatembea tena. Na Ighomba kuna sheria ya zamani kuliko serikali: ambaye mlango wake unatazamana na wako ndiye mlinzi wako. Akikuacha uharibikiwe, anatengwa. Haombi moto wala hapewi, msiba wake hauendewi, na bintiye haozeki hapo kijijini. Mama Digha alikuwa na binti ambaye posa yake ilikuwa imeshaletwa. Mzee Kijanga ndiye aliyekuwa balozi wa nyumba kumi zile, na hukumu ilikuwa yake.

"Bahati nzuri mwenye chombo chake amefika," alisema Mzee Kijanga, akamnyooshea Leokadia fimbo juu ya vichwa vya watu. "Injinia, njoo mbele. Wewe ni mwanetu, hutatudanganya. Mama Digha anasema chombo ndicho kilichomponza. Tuambie basi. Kile Kisalimu cha Bibi Njiku kiliharibika?"

Watu wakampisha njia. Mkononi alishika kibao cha kioo chenye ripoti iliyokwisha kuandikwa Dodoma, kilichobaki ni yeye kuweka kidole gumba. Ripoti ilisema: *Chombo hakina kosa.* Wakuu wake walikuwa wakiingojea kwa haraka, maana vijiji mia sita vingine vilikuwa kwenye foleni.

Mama Digha alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu. Siku tisa hizi ndiye aliyekuwa akimwogesha Bibi Njiku na kumlisha, na kesi inamngoja uwanjani.

"Hapana," alisema Leokadia. "Hakikuharibika."

"Mmesikia!" Mzee Kijanga akagonga fimbo chini. "Chombo kizima. Aliyeharibika ni mtu."

Mama Digha hakulia. Alivua kanga ya begani, akaikunja, akaifunua, akaikunja tena, kama mtu aliyesahau kanga ni ya nini.

Alichosema Leokadia kilikuwa kweli tupu, na ndiyo maana kilimwuma. Njia nzima angani alikuwa amevaa vipokea sauti masikioni, akisikiliza kile ambacho hapo uwanjani hakuna aliyejua kwamba kipo.

Miaka mitatu nyuma, orofa ya kumi na tisa huko Dodoma, walikuwa wamekusanya salamu elfu arobaini za vijijini ili kuifundisha ile akili unde. Mwenzake mmoja, Fumbwe, mtu wa mjini tangu babu yake, alikuwa na taabu nazo. Betri haikutosha. Salamu ilitakiwa iwe ya sekunde sita, na hawa watu walichukua dakika nne.

"Leokadia, hebu nisaidie, hawa ni watu wako," alisema Fumbwe. "Mtu ameulizwa hali, amejibu salama. Vizuri. Halafu anasema 'ila', anaendelea wee. Huko mbele huwa kuna nini?"

Wenzake wote waligeuka kumtazama, na yeye akaona haya. Aliona haya kwa ajili ya matope ya Ighomba, na mlenda, na bibi waliomlea kwa zamu mama yake alipofariki, wa kwanza wao Njiku. Akacheka kidogo, kicheko cha kujipendekeza.

"Porojo tu," alisema. "Kata."

Wakakata. Walikiita mkia. Kisalimu kilifundishwa kupokea jibu hadi kwenye "salama" na kuuacha mkia usisafiri. Na baadaye, wanakijiji walipolalamika kwamba fulani anaringa, anaamkiwa hajibu, Leokadia huyo huyo akaongeza jibu-badala: mwenye nyumba akiwa kimya, Kisalimu kimjibie. Kwa hiyo wazima walijibu salama, waliolala walijibu salama, na Bibi Njiku, akiwa sakafuni na nyonga imevunjika, alijibu salama kwa sauti yake mwenyewe ya siku njema.

Lakini mikia haikufutwa. Ilihifadhiwa kwenye ghala la sauti, kwa kuwa mashine hazitupi kitu. Na asubuhi hiyo, akiwa juu ya mawingu, Leokadia alikuwa amefungua mikia ya Bibi Njiku ya miezi kumi na mmoja.

*Salama, ila mguu huu wa kulia unakufa ganzi.*

*Salama, ila kuni sizibebi tena, mwenye mtoto anitumie.*

*Salama, ila jana nilianguka kidogo, si sana.*

Na mmoja, wa mwezi wa tano, wenye jina lake. Leokadia alikuwa na Kisalimu chake mwenyewe mjini, kikimwamkia bibi huyo kila asubuhi kwa miaka miwili bila yeye kujua hata kilisema nini. *Salama, Leo wangu, ila siku ukipata nafasi uje. Sina shida. Nikuone tu.*

"Tuendelee," Mzee Kijanga alikuwa akisema. "Kwa desturi yetu, kuanzia leo nyumba hii—"

"Mzee, bado." Sauti ya Leokadia ilitoka ndogo, akairudia kwa nguvu. "Bado sijamaliza. Nimesema hakikuharibika. Ila."

Akawaeleza. Hakupamba. Aliwaambia juu ya sekunde sita, juu ya Fumbwe na lile swali lake, juu ya neno alilolijibu. Alipofika kwenye "porojo" hakuliruka, akalisema lilivyo. Aliwaambia Bibi Njiku alikuwa ameomba msaada kwa miezi kumi na mmoja, akiomba kiungwana, kama mtu anavyoomba, salama kwanza na shida baadaye, na kwamba maombi yale hayakuvuka mlango. Mama Digha asingeweza kuyasikia hata kama angekaa na sikio kwenye Kisalimu usiku na mchana.

"Mimi ndiye niliyeziba," alisema. "Mkitaka kutenga mtu, nitengeni mimi."

"Tukutenge na nini?" Mama Digha alikuwa amelipata jibu lake sasa, na halikuwa tamu. "Miaka miwili hujakanyaga hapa. Ulishajitenga mwenyewe, mama, tena bila kikao."

Umati ukaguna. Mwanamke mmoja akasema, "Na ashitakiwe!" Mwingine akasema nani atawaambia bei ya alizeti basi, wakaanza kubishana hao wawili, na pengine yangekuwa mengine kama Mzee Kijanga asingemsogelea Leokadia na kuinamisha kichwa.

"Hiyo mikia," alinong'ona. Fimbo ilikuwa imelala kwapani. "Na yangu imo?"

"Imo, mzee. Ya kila mmoja imo."

"Nipe niisikie. Mimi peke yangu."

Alimvalisha vipokea sauti. Mzee Kijanga alisimama katikati ya uwanja, macho ameyafumba, na watu waliokuwa wakibishana wakapunguza sauti mmoja mmoja. Alikuwa amefiwa na mkewe mwaka uliopita. Alisikiliza kwa muda mrefu, kuliko mtu anavyohitaji kusikiliza sauti yake mwenyewe. Alipovivua, alivirudisha kwa mikono miwili.

"Niliwaambia," alisema, si kwa Leokadia, bali kwa majirani zake. "Mara nne niliwaambia kwamba jioni nyumba inanishinda. Hakuna aliyekuja. Nikadhani mmenichoka."

Mama Digha, ambaye dakika kumi nyuma mtu huyu alikuwa akitaka kumtenga, akasema polepole, "Mzee, wallahi hatukusikia."

"Sasa najua." Akatafuta fimbo yake kama aliyeipoteza, kumbe iko kwapani. "Kesi imekwisha. Mama Digha, funga kanga yako. Na wewe, Injinia," akaelekeza kidevu ng'ambo ya uwanja, kwa Bibi Njiku, "mlango wa kwenda ni ule pale. Si huku kwetu."

Uwanja haukuwa mpana, hatua thelathini hivi, lakini Leokadia aliuvuka kama anayepanda mlima. Akiwa njiani alikifungua kibao, akaifuta ripoti, akaandika nyingine ya mstari mmoja: *Chombo kina kosa, na kosa ni langu, vijiji mia sita visubiri.* Akabonyeza kidole gumba kabla hajapata muda wa kujihurumia.

Mlangoni, Kisalimu cha Bibi Njiku kilimwona kwa jicho lake dogo. "Salama, nashukuru!" kikasema, kwa sauti ya bibi yake. "Karibu!"

Alikiondoa mwimoni, akakilaza chini kifudifudi, jua lisikiguse. Kisha akakumbuka namna watu wanavyobisha.

"Hodi."

Akabisha tena.

"Hodi humu ndani."

"Nani?" Sauti hii ilikuwa kavu, ya chini kuliko ile ya chombo, na ilikuwa imezeeka.

"Mimi, bibi. Leokadia."

"Leokadia yupi? Wa hewani, au wa nyama?"

"Wa nyama, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Akangoja aulizwe habari za safari, za kazi, za mjini. Hakuulizwa. Ndani, kitanda kikalia kidogo.

"Endelea," ilisema ile sauti. "Sijambo, ila?"

Leokadia aliegemea mwimo, pale pale chombo kilipokuwa. Alikuwa amelisema mbele ya kijiji kizima, na bado hapa lilimkwama. "Sijambo, bibi, ila mimi ndiye niliyekata maneno yako."

"Nimesikia. Kilichovunjika ni nyonga, si masikio." Bibi Njiku akavuta pumzi. "Sitakwambia kwamba si kitu, mwanangu. Ni kitu. Siku ya tatu nililamba ukuta, mtungi ulipokuwa umevujia. Nilikuwa namsikia yule mlangoni akisema mimi ni mzima, tena anashukuru, nikawa najiuliza, basi huyu anayekufa humu ni nani?"

Leokadia alifunika uso kwa viganja.

Nyuma yake nyayo zikaja, na harufu ya ugali wa uwele. Mama Digha alikuwa amebeba sinia kichwani na bakuli la mlenda mkononi, akamsukuma kwa nyonga ili apite, kama anayesukuma mlango uliokwama. Akatua sinia kando ya kitanda, akamwinua Bibi Njiku kwa kumpitishia mkono mgongoni, akamwekea mto. Alipomaliza akageuka, akamkuta yule mtu bado yuko kizingitini.

"Na huyu?" aliuliza.

"Huyo," alisema Bibi Njiku, "hajaniambia bado habari za miaka miwili. Na mimi nina ila za miezi kumi na mmoja. Tutakesha."

Mama Digha alimtazama Leokadia kuanzia vumbi la kichwani hadi viatu vya mjini. Uso wake haukulainika. Alichukua birika la maji, akalishikilia juu ya beseni tupu.

"Basi unangoja nini hapo?" alisema. "Vua viatu, ingia, lete mikono. Mlenda ukipoa haulambiki."