Karatasi ya Tarehe Kumi na Mbili

Karatasi ilikatwa kwa kisu, tena kwa haraka, maana ncha ilichana na kurasa tatu za chini yake. Sajini Miraj Kombo wa polisi wa Voi alipitisha kidole kwenye ukingo uliobaki. Baada ya tarehe kumi na moja Februari, daftari liliruka moja kwa moja hadi tarehe kumi na nne.

Msicheke. Ni kweli afande mzima alipanda treni hadi Mwatate, kisha akakwea hadi Wusi kwa miguu, kwa ajili ya karatasi moja. Lakini mwaka huo wa 1926 daftari la Mwalimu Obadiah halikuwa mchezo. Kila siku ya mwaka ilikuwa na ukurasa wake, na humo aliandika mambo makubwa yaliyotokea tarehe hiyo tangu enzi za zamani. Kila Ijumaa saa tisa alasiri watu walijaa darasani kusomewa ukurasa wa siku. Leo ilikuwa Ijumaa, tarehe kumi na mbili.

"Ukurasa huo ulikuwa na nini?" Sajini aliuliza.

Mwalimu alijibu bila kukwama. Mwaka 1554, Uingereza ilimkata kichwa binti aliyekuwa malkia kwa siku tisa tu. Mwaka 1809, Amerika, alizaliwa mtoto aliyekuja kuwafungulia watumwa. Mwaka 1912, mfalme wa Uchina, naye bado mtoto mdogo, aliondolewa kitini.

"Kisha?"

"1916. Vita vya Salaita."

"Uliandika nini juu ya Salaita?"

"Nimesahau, afande."

Sajini alimkodolea macho. Mtu anamkumbuka mfalme wa Uchina, halafu anasahau mstari alioandika juzijuzi, juu ya vita vya Waingereza na Wajerumani alivyokwenda mwenyewe kama mpagazi. Jamani, hata mwongo huwa anajitahidi kidogo.

Aliyeita polisi alikuwa Silvanus, mzee wa kanisa, ambaye wakati wa vita alikuwa nyapara wa wapagazi wa jeshi, kariakoo kama walivyoitwa. Alieleza kwamba tangu jana asubuhi, wizi ulipoonekana, Mwalimu alikuwa akimsihi wanyamaze, naye hakuona sababu ya kunyamaza. Alisema pia kwamba wiki iliyopita alimkuta Mwalimu akiandika ukurasa huo, akaliona jina la Zephaniah kabla Mwalimu hajalifunika kwa mkono.

"Zephaniah ni nani?"

"Mtoro. Alikimbia Salaita, hakuonekana tena. Nilimwandika mwenyewe kwenye orodha ya watoro."

"Ulimwona akikimbia?"

"Niliambiwa na mwenzake. Walibeba mzigo mmoja."

"Mwenzake nani?"

Silvanus alikohoa. "Mwalimu."

Sajini aliuliza ni nani mwingine aliyejua kwamba jina hilo litasomwa. Mzee uso ukamshuka. Alikuwa amelitaja tu kule mtoni, akasema, katika maongezi, na wanawake walikuwepo wakichota maji.

Sajini alirudi kwenye daftari. Mtu anayejua kusoma angeufuta mstari mmoja kwa wino, basi. Huyu aliondoa karatasi nzima, na tarehe kumi na tatu iliyokuwa mgongoni ikaenda bure. Na aliijuaje karatasi yenyewe? Kwa ganda la hindi ambalo Mwalimu huliweka tangu Jumatano kwenye ukurasa wa Ijumaa. Basi mwizi hakujua kusoma, lakini alilijua lile ganda. Sajini alifurahi, na furaha hiyo aliijutia baadaye.

Aliyekuwa akifagia darasa kila siku ni Wakio, mke wa Zephaniah, mama wa binti aitwaye Peris.

"Mama Peris, karatasi iko wapi?"

Hakuzunguka. Aliegemeza ufagio ukutani. "Niliitia motoni, afande."

"Kwa nini?"

"Miaka kumi napita njia za nyuma kwenda sokoni. Leo wakwe wanaotaka kumposa Peris wanakuja kusikiliza. Wakisikia baba yake alikuwa mtoro, hawatarudi tena."

"Ulijua kilichoandikwa?"

"Sijui kusoma. Lakini jina la mume wangu na Salaita hayajawahi kutajwa pamoja kwa wema."

Sajini alitazama viatu vyake. Alikuwa amemshika mwizi wake, na aliona haya kama aliyemvua mtu nguo hadharani.

"Iliandikwa kwamba hakukimbia," sauti ikasema mlangoni. Mwalimu alikuwa amesikia yote. "Aibu si yako, Mama Peris. Ni yangu."

Akaungama hapo hapo. Jeshi liliporudi nyuma, Zephaniah alipigwa risasi ya paja, naye Mwalimu akamwacha akimwahidi kurudi na machela. Hakurudi. Majina yalipoitwa kambini alishindwa kusema nimemwacha. Akasema amekimbia.

"Ilinichukua miaka kumi kuandika mstari ule," alisema. "Na jana nilipokuta haupo, nilimshukuru Mungu. Ndiyo maana sikutaka polisi."

Wakio alichukua ufagio, akaendelea kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Saa tisa wakwe waliwasili, wakapewa benchi la mbele karibu na Peris. Silvanus alikaa nyuma yao, kainamisha kichwa. Sajini alisimama mlangoni, kofia mkononi. Mwalimu alilifungua daftari penye pengo, akataja kwa kichwa 1554, akataja 1809, akataja 1912. Angeweza kulifunga hapo. Karatasi ilikuwa majivu, na Sajini hakuwa na sheria ya kumlazimisha mtu asome majivu.

"Mwaka 1916," Mwalimu alisema. "Salaita. Zephaniah hakukimbia. Alipigwa risasi, mimi nikamwacha, kisha nikamsingizia."

Mmoja wa wakwe alimgeukia Peris, akamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Wakio alitoka ukutani, akaja hadi mezani.

"Ulipomwacha, aliomba nini?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka Mwalimu mbele ya wanafunzi wake. "Maji."

"Ukampa?"

"Kibuyu nilikuwa nacho mimi. Niliondoka nacho."

Wakio alivuta kidau cha wino, akakiweka mbele yake, na kalamu kando.

"Andika na hilo," alisema. "Halafu unisomee."