Mauntingi Mpya Ndani ya Boksi

"Pandisha jeki kidogo. Nikisema basi, uache."

Faudhia akabonyeza mkono wa jeki. Injini ya Landrova ikainuka taratibu juu ya kipande cha ubao. Mumewe, Mhina, alikuwa amelala chini ya gari juu ya gunia, miguu tu ndiyo inaonekana. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, uani kwao Chanika, Handeni. Tangu mwaka jana injini ilishikiliwa kwa waya, na sasa gari lilikuwa linatetemeka mpaka vioo vinalia, na Mhina aliamua kubadilisha mauntingi mwenyewe, zile raba zinazobeba injini.

"Basi. Ya kushoto imetoka. Nipe mpya."

Faudhia akafungua boksi.

"Mbona lina vumbi hivi?"

"Vitu vya dukani ndivyo vilivyo."

Akampa. Mhina akahangaika nayo, haikukaa.

"Mikono yangu ina oili. Chukua simu yangu umpigie Sadala wa spea, umuulize upande gani unakaa juu."

Faudhia akapiga, akaweka spika.

"Shemeji, mwambie tundu refu likae juu," Sadala alisema. "Nilimwonyesha siku anazichukua."

"Juzi?"

"Juzi ipi? Hizo alichukua mwezi wa tatu mwaka jana. Nilimwambia za zamani zimechanika, asitembee nazo. Mimi nilijua alishafunga siku nyingi."

"Ahsante, shemeji."

Alikata simu. Chini ya gari, spana ilikuwa imenyamaza.

Mwezi wa tano mwaka jana, mama yake Faudhia, bi Mwaija, alikuwa amekuja kuwatembelea. Asubuhi moja akaanguka, upande mmoja ukafa. Wakampakia kwenye Landrova kumkimbiza Korogwe, alikozoea kutibiwa presha. Njiani injini ikalala upande, feni ikala rejeta, maji yote yakamwagika. Walikaa kando ya barabara zaidi ya saa nzima. Bi Mwaija hakufika.

"Siku ile uliniambia barabara ndiyo iliyolegeza injini," Faudhia alisema.

"Nilisema hivyo."

"Na hili boksi lilikuwa wapi?"

"Chini ya kitanda. Chumba cha wageni."

"Kitanda alicholalia mama."

Mhina akaweka spana chini.

"Toka huko uniambie usoni."

Akatoka, grisi imemfika viwikoni. Hakumtazama.

"Kwa nini hukuzifunga?"

"Kila wiki nilisema Jumapili. Mara kuna mahindi ya kubeba, mara nimechoka. Gari lilikuwa linatembea, Faudhia. Nikaona litavumilia."

"Miezi miwili."

"Miezi miwili."

"Kaka zangu waliposema uliwacheleweshea mama yao, nani aliwanyamazisha?"

"Wewe."

"Niligombana nao mpaka leo hatusalimiani. Na wewe umekaa, unanitazama."

Alinawa mikono kwa sabuni ya mche, akaingia ndani, akatoka na begi. Mhina akasimama mlangoni, kisha akampisha. Saa sita Faudhia alikuwa ndani ya basi la Korogwe.

Jioni Mhina akaandika: "Umefika?"

Jibu lilichelewa. "Nimefika. Baba hajui kitu. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako."

Ilimchukua siku sita. Ijumaa alimkuta mkwewe, mzee Mustapha, kibarazani, anajiandaa kwenda msikitini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa. Mwenzio hali, hasemi. Nimemuuliza, kaniambia nikungoje wewe."

Mhina akakaa chini, kwenye mkeka. Akaeleza yote: boksi, onyo la Sadala, uongo wa barabara.

"Liko jingine, baba. Faudhia alikuwa ameenda mbele kusimamisha magari. Nilibaki na mama. Akaniuliza, mwanangu, gari lina nini? Nikamwambia ni barabara. Akasema, pole, baba, umehangaika sana. Hakusema tena."

Mzee Mustapha alizungusha kofia yake mikononi kwa muda mrefu.

"Miaka thelathini na nane nimeishi naye," alisema. "Ungeniambia siku ya msiba, ningekufukuza. Leo sina nguvu hizo. Mimi kwa upande wangu nimekuachia. Ya mwenzio sina uwezo nayo."

Akainuka, akaenda kuswali.

Faudhia alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango. Akatoka, akakaa kwenye ngazi, mbali kidogo.

"Kumbe alisema neno."

"Alisema."

"Mwaka mzima nimejiuliza kama alisema kitu. Nilikuuliza, Mhina. Ukaniambia alilala tu."

"Ningekuambia alinipa pole, ningelazimika kukuambia na uongo niliompa."

Faudhia akaangua kilio. Tangu mazikoni hakuwa amelia hivyo. Mhina alinyoosha mkono, akaurudisha.

"Nenda Handeni," Faudhia alisema alipotulia. "Hitma ya mama ni baada ya wiki tatu. Uje siku hiyo, na uwaambie kaka zangu."

Alikuja. Aliwaambia mbele ya watu kumi na moja. Kaka mkubwa akatoka nje na hakurudi mpaka watu wameshakula. Wa pili alimwambia, "Umetuua mara mbili," akaendelea kugawa pilau. Mhina alikaa pale alipokuwa mpaka dua ya mwisho, kisha akaaga na kwenda kwenye gari peke yake.

Alikuwa ameshakaa kwenye usukani mlango wa pili ulipofunguliwa. Faudhia akaweka begi lake miguuni, akaketi, akavuta mlango.

"Sijakusamehe," alisema, akitazama mbele.

"Najua."

"Nitakapokusamehe nitakuambia. Usiniulize kila siku."

"Sitakuuliza."

"Haya. Twende nyumbani."