Mwaka Usio na Picha

Kila siku mchana, Nasreen alikaa peke yake kwenye meza ya dirishani katika bwalo la shule, akila sambusa za mamake na kuhesabu mabasi yaliyopita barabarani. Yeye na mamake walikuwa wametimiza miezi mitano tangu watoke Mombasa kuja Minneapolis, na hakuna aliyewahi kumwambia, "Songa nikae." Upweke ulimuuma kuliko baridi, na baridi ya huko si ya mchezo.

Darasa lao lilikuwa likiandikiana barua na sekondari moja ya ufundi huko Japani, iliyokuwa ikitimiza miaka mia. Mwalimu wao, Bi Velma, aliwagawia wanafunzi historia ya shule hiyo waiandike wawili wawili. Nasreen akabaki bila mwenzake, akapewa miaka ya vita. Karatasi zilizotoka Japani zilisema machache: kila mwanafunzi mpya alisugua kipande cha chuma kwa tupa mpaka kikanyooka, awe nacho cha kuzuia karatasi zisipeperuke. Kisha vita vikaja, wanafunzi wakapelekwa viwandani. Mwaka 1945 haukuwa na picha wala majina.

Nasreen akaujaza mwenyewe. Alimtunga kijana aliyekula peke yake dirishani, akasugua chuma chake mwaka mzima bila mtu wa kumwonyesha, akamwandika kana kwamba aliishi kweli.

Aliisoma insha yake mbele ya darasa. Mchana, Jedidah, msichana Mkenya wa darasa lao ambaye hakuwa amemsemesha hata mara moja, alimjia na sahani yake.

"Huyo boy, alipata rafiki?"

Siku tatu walikula pamoja, na Nasreen alifurahi kupita kiasi. Siku ya nne Bi Velma akasema, "Kesho insha zinakwenda Japani. Yupo mzee aliyesoma mwaka huo. Huenda anamkumbuka kijana wako."

Nasreen aliiweka chini sambusa yake. Akisema kweli, atampoteza Jedidah. Akinyamaza, mzee wa watu atahangaika kumtafuta asiyekuwapo miongoni mwa wenzake waliokufa.

Asubuhi alisimama mbele ya darasa. "Nilisema urongo. Yule kijana nilimtunga."

"Na hiyo story ya kula pekee yako dirishani?" Jedidah akauliza.

"Hiyo ni yangu."

Bi Velma aliichukua ile insha, akampa karatasi nyeupe iliyoandikwa mwaka tu. "Tusichokijua tunakiacha wazi, ili anayejua apate pa kuandika," alisema kwa upole. "Na ukiwa mpweke, Nasreen, sema ni wewe. Ukijificha nyuma ya mtu wa kutunga, watu watampenda yeye, nawe utabaki pale pale."

Karatasi nyeupe ikatiwa kwenye bahasha pamoja na nyingine.

Mchana Nasreen alirudi dirishani, akaanza kuhesabu mabasi. Hakuthubutu kugeuka. Alikuwa amefika la tatu aliposikia sahani ikiwekwa mezani.

"Songa nikae," alisema Jedidah.