Kilomita Thelathini za Kinyozi

Ndugu zangu, nyumba ninayotaka kuwasimulieni haikuwa na ulevi wala ugomvi. Baba alikuwa kinyozi. Mama alishona mapazia chumba cha mbele, na binti yao wa pekee, msichana wa miaka kumi na tisa, alimkatia vitambaa. Kila Jumapili, alfajiri, baba na binti walivaa raba wakatoka kukimbia. Mama aliwasikia wakicheka hadi kwenye kona ya mtaa, kisha akajifunika shuka tena, moyo umetulia.

Walikuwa wakijiandaa kwa marathoni, kilomita arobaini na mbili na ushee. Ratiba walipewa na mzee mmoja mstaafu wa posta, mkimbiaji wa zamani, ambaye kikundi chao chote cha mbio kilimwita Mwalimu.

"Mbio ndefu za mazoezi si mashindano," Mwalimu aliwaambia. "Kimbieni mkiongea. Ukiona huwezi kumaliza sentensi, punguza mwendo. Kasi ina siku yake."

Wiki sita walimtii. Kisha, Jumapili moja, fundi bomba wa mtaani, mtu mwenye kitambi chake, akatuma muda wake wa mbio ndefu kwenye kundi la simu la wakimbiaji. Alikuwa amempita kinyozi kwa dakika kumi na moja. Jumatatu wateja hawakumwacha.

"Kinyozi, hivi wewe unakimbia au unasindikiza mgeni?"

Kinyozi alicheka nao, wembe mkononi. Lakini neno lilikuwa limeshamwingia.

Tangu hapo kila mbio ndefu ikawa vita. Ilipotakiwa waende taratibu, yeye aliitazama saa ya mkononi na kufoka, "Kazana!" Hawakurudi tena pamoja: baba alitangulia, binti akafuata nyuma akihema, akakaa kwenye ngazi na kusugua muundi.

"Baba, hapa pananichoma. Hata nikitembea tu."

"Misuli inakomaa hiyo. Mwili ni mwongo, mwanangu. Ukiusikiliza haukufikishi popote."

"Mume wangu," mama akasema, "mtoto anachechemea hadi jikoni."

"Wewe shughulika na mapazia yako."

Jamani, ni wangapi kati yetu tumejibiwa hivyo, au tumejibu hivyo?

Mwalimu naye alipokuja kunyolewa hakumung'unya maneno. "Nimeona muda mnaotuma. Mnakimbia mazoezi kwa kasi ya siku yenyewe. Huyo binti mpumzishe."

"Mwalimu, zama zenu zilikuwa za polepole," kinyozi akajibu, akampangusa shingo.

Zikabaki wiki tatu kabla ya marathoni. Jumapili hiyo ilikuwa ya kilomita thelathini. Walipofika ya ishirini na nne, kinyozi akauona mgongo wa fundi bomba mbele yake, na damu ikamchemka.

"Baba, tupunguze. Tafadhali."

"Punguza wewe. Nitakusubiri mwisho," alisema bila kugeuka.

Akamfukuza fundi bomba, akamkaribia, akampita. Alipomaliza aliipiga picha saa yake, akaituma kundini. Pongezi zikamiminika. Alizisoma zote, akanywa maji, akazisoma tena. Ndipo akakumbuka kwamba binti hajafika. Ikapita robo saa. Ikapita nusu saa. Akapiga simu, ikapokelewa na sauti asiyoijua.

"Mimi nauza mboga hapa barabarani. Mwenye simu nimemkalisha kwenye ndoo yangu. Mguu umekataa kabisa. Nilitaka kukupigia mapema, akanizuia. Alisema baba yake asisumbuliwe mpaka amalize."

Hospitalini, daktari aliinua picha ya mfupa mbele ya taa. "Huu ufa ni wa wiki kadhaa. Angepumzishwa, ungejifunga wenyewe. Leo mfupa umekatika. Hakuwa analalamika?"

Mama, aliyekuwa ameshafika, ndiye aliyejibu: "Alilalamika."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia kwamba guu lenyewe laweza kuwa la mtoto wake.

Binti alipasuliwa, akatiwa chuma. Siku ya marathoni ilipofika, kinyozi hakwenda. Alikuwa bafuni akimshika binti yake mkono asiteleze. Miezi ikapita, na bado ngazi zinampa shida, na daktari hajamwahidi kwamba atakimbia tena.

Jioni moja kinyozi akakaa kando ya kitanda. "Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe, baba. Ila nina swali moja. Uliponiacha, nilikuita mara tatu. Ulisikia?"

Angeweza kudanganya. Barabara ilikuwa na magari, na upepo ulikuwepo.

"Nilisikia," akasema.

Binti aligeukia ukutani. Baba akabaki pale, mikono magotini, mpaka mama alipokuja kumtoa.

Tujifunze nini hapa

Wazazi wenzangu, na nyinyi mnaokimbia, mazoezi marefu yanataka mwendo wa utulivu. Anayeyageuza mashindano huumia kabla ya siku yake. Maumivu yasiyoisha hata ukitembea si uvivu, bali ni mwili unaomba msaada. Na sifa za watu wa kwenye simu zisikufanye umwache nyuma aliyekuamini. Mtoto akikuita, geuka.