Mlima wa Darasa la Sita

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Kiranja alifuta ubao, akapanga chaki, kisha akaivuta stuli mpaka pembeni mwa ubao. Ilikuwa stuli ndefu ya mbao, mguu wake mmoja mfupi kuliko mingine. Darasani waliiita mlima. Ukikosa swali la hesabu unaupanda, unasimama juu ukiyumbayumba mbele ya wenzako, na hushuki mpaka ujibu. Huruma usiitarajie. Watoto wa darasa lile walimcheka aliye juu kwa sababu wao walikuwa chini, na chini ndiko kulikokuwa na usalama.

Mlima ulikuwa mali ya mwalimu wa hesabu, ambaye wanafunzi walimpa jina la Radi, kwa kunong'ona bila shaka. Radi alijua hesabu, hilo halina ubishi. Lakini kujua ni jambo moja na kufundisha ni jingine, na yeye hakuwahi kuona tofauti. Akiulizwa kuhusu ile stuli alijibu kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na wazazi wengi walitikisa vichwa kwa kukubali.

Kiranja hakuwahi kuupanda mlima. Alitaka kuwa mwalimu, na mwalimu aliyemtaka kuwa ni Radi. Dawatini aliketi na jirani yake wa nyumbani, msichana mwembamba aliyeitwa Sindano, mtoto wa fundi cherehani wa mtaani kwao. Wawili hao walikuwa chanda na pete tangu darasa la kwanza. Sindano alijua majibu mengi, ila yalichelewa kutoka mdomoni, kwa hiyo mlima aliujua vizuri.

Siku moja, katikati ya kipindi, Radi alipigiwa simu. Aliisikiliza, akatabasamu, akamwita Kiranja na kumpa chaki. Alimwambia afundishe kujumlisha sehemu, naye angerudi akimaliza mambo yake. Yalikuwa mambo gani hakusema, na darasa halikuwa mojawapo.

Kiranja alisimama mbele. Alikohoa kama Radi, akafunga mikono nyuma kama Radi. Kisha akaitazama ile stuli tupu, akaona somo haliwezi kuanza. Tangu aanze kusoma hesabu kwa Radi hajaona kipindi kisicho na mtu juu. Akatafuta wa kumpandisha, akamchagua rafiki yake, kwa kuwa alijua huyo hatamgombeza.

"Sindano, panda," alisema.

"Hujaniuliza swali."

"Panda kwanza. Swali linakuja."

Darasa likacheka. Sindano alidhani ni mzaha, akapanda. Kiranja akaandika ubaoni nusu jumlisha theluthi. Midomo ya Sindano ikaanza kucheza, kwani alikuwa akitafuta asili moja, namba ya chini itakayozifaa sehemu zote mbili, na alikuwa karibu kuipata.

"Tunasubiri. Au tukuletee chai?" Kiranja aliuliza. Hayo yalikuwa maneno ya Radi, neno kwa neno, na yalileta kicheko kilekile anachokipata Radi. Alikionja, akakipenda.

Sindano akasema kwa sauti ndogo, "Naomba ruhusa. Nimebanwa."

"Ruhusa utaipata ukishajibu."

Mtu wa nyuma akaanza kugonga dawati, wengine wakamfuata. Jibu likamponyoka Sindano, na baada ya jibu vikamponyoka vingine. Mkojo ulishuka kwenye soksi, ukaenea juu ya stuli, ukadondoka sakafuni. Watoto walicheka mpaka wengine wakalala juu ya madaftari.

Kiranja alitaka kumshika mkono amshushe. Lakini aliogopa kicheko kisije kikamgeukia yeye, akasema lile ambalo Radi angelisema, kwamba ashuke apanguse. Sindano alishuka. Alivua sweta, akapangusa stuli kwa sweta lake mwenyewe, akachukua mkoba na kwenda. Hakulia. Afadhali angelia.

Kesho yake hakuja, wala siku zilizofuata. Kiranja alipokwenda kumtazama alimkuta mama yake Sindano, yule fundi, kwenye cherehani. Alimwamkia. Mama aliitikia bila kuinua macho, akaeleza kwamba mwanawe ameapa harudi tena shuleni. Alimbembeleza, akamtisha, wapi. Sasa yuko ndani anashona vifungo, na shule imeishia hapo.

"Nilikuwa nakuhesabu mwanangu wa pili," mama alisema. "Nenda kwenu."

Kisha mama akafunga cherehani, akaenda shuleni kwa mwalimu mkuu. Mkuu alikuwa mwanamke mpole wa sauti na mgumu wa uamuzi. Alimsikiliza mpaka mwisho, ndipo akawaita Radi na Kiranja.

"Ni mambo ya watoto tu, Mkuu," Radi alisema. "Mimi sikuwepo."

"Najua hukuwepo. Hilo nalo lina siku yake." Mkuu akamgeukia Kiranja. "Tuonyeshe ulivyofundisha."

Kiranja alikohoa, akafunga mikono nyuma, akaanza. Alisema habari ya chai, akasema habari ya ruhusa. Karani mlangoni aliziba mdomo asicheke, maana hata kipofu angejua nani anaigizwa. Radi hakucheka. Alitazama namna mtoto yule alivyobinua mdomo, akaujua ule mdomo. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Kajifunza kwa nani?" Mkuu aliuliza.

Jioni ileile Radi aliandamana na Kiranja mpaka kwa fundi, akamwomba Sindano radhi mbele ya mama yake na mbele ya wateja waliokuja kupima nguo. Kiranja naye aliomba, akilia. Sindano alikata uzi kwa meno, akatafakari kwa muda wake kama kawaida.

"Nitarudi," alisema. "Ila dawati moja na Kiranja sikai."

Alirudi. Katika kipindi cha kwanza Radi aliuliza lile swali la nusu jumlisha theluthi, na mvulana wa nyuma akakosa. Mvulana alinyanyuka mwenyewe bila kuambiwa, akaenda pembeni mwa ubao, akainua mguu apande. Hapakuwa na stuli. Radi alikuwa ameiondoa asubuhi. Mvulana alibaki pale, mguu mmoja hewani, na hakuna aliyejua kama inafaa kucheka.

Radi alimrudisha mahali pake, akaliuliza swali upya, polepole. Sindano akanyoosha mkono. Alifikiri, na Radi akangoja bila neno, ingawa mdomo ulimwasha.

"Tano juu ya sita," alisema Sindano hatimaye.

Baada ya kipindi Kiranja alimrudishia Radi ile chaki aliyokuwa ameiweka mkobani, akasema yeye ualimu haumfai tena.

"Keti," Radi alimwambia. "Sehemu nimewafundisha muhula mzima, na wengi hamzijui. Dharau sikuiandika ubaoni hata siku moja, na wewe umeishika yote. Mwanafunzi hufuata anachokiona kwa mwalimu wake. Kwa hiyo kazi yangu ni kuwepo darasani, kujua nani amekwama wapi, na kumngoja avuke. Uliniiga vizuri, mwanangu. Kibaya kilikuwa ni kile nilichokupa uige."